Kikundi chetu cha ibada tuliwatenganisha wanaume na wanawake, mwaka umepita na kuna kitu kimeharibika, naombeni mawazo

#1 Mleta mada

Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba nilete hili jambo maana limenikaa kifuani muda mrefu na kila nikiligusa kwa wenzangu naambiwa niache kuleta mgawanyiko, wakati mgawanyiko wenyewe tayari upo na tuliuleta sisi.

Mimi ni mmoja wa viongozi wa kikundi cha maombi na kusoma neno, tupo kama thelathini hivi, wengi wana ndoa, wapo wajane wanne, wapo na vijana ambao hawajaoa wala kuolewa. Miaka yote tulikuwa tunakutana pamoja Alhamisi jioni, tunaimba, tunasoma, mmoja anafundisha, halafu tunaombeana. Hapo kwenye kuombeana ndo palikuwa na shida ila hatukuiona. Ukiuliza nani ana hitaji, wanaume watasema kazi, safari, afya ya wazazi. Wanawake watasema watoto wafaulu mitihani. Mwaka mzima watu wale wale mahitaji yale yale, kama vile hakuna hata mmoja wetu anayelia usiku ndani kwake.

Kuna dada mmoja akaacha kuja. Mke wangu akamfuata kwake, akakaa naye mpaka jioni, ndo ikatoka kwamba mimba zake zilikuwa zimeharibika mara mbili ndani ya kipindi kile kile ambacho sisi tulikuwa tunaombea mitihani, na hakuweza kulisema mbele ya wanaume wa kikundi, na zaidi mbele ya mume wake ambaye hakutaka lijulikane. Dada huyo alikuwa anakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Nilikuwa namsalimia kila wiki.

Lilituuma sana. Tukakubaliana tugawane, wanaume Alhamisi, wanawake Jumanne, na mara moja kwa mwezi wote pamoja. Upande wa wanawake ukafunguka kwa namna ambayo hatukutegemea, mke wangu anarudi saa tatu usiku macho mekundu lakini moyo mwepesi, na yule dada alirudi. Hilo sitalitoa thamani hata kidogo.

Sisi wanaume tulianza kumi na moja, tukabaki watano, na maongezi yakageuka yakawa ya hesabu na mipango. Na kwa kuwa mweka hazina ni mwanaume na katibu ni mwanaume, taratibu kila kitu kikawa kinaamuliwa Alhamisi. Tulibadilisha tarehe ya mafungo. Tukachagua nani afundishe nini. Mwezi uliopita tukachukua hela ya mfuko wa wagonjwa tukasema inunue spika na maiki mpya, tulikuwa watano tu chumbani, hakuna aliyekumbuka kuuliza. Wanawake wakaja kusikia kwenye tangazo. Zaidi ya nusu ya hela ile walichanga wao. Hakuna aliyepanga ubaya, mimi mwenyewe nilikuwepo na nilinyoosha mkono kukubali.

Sasa nauliza, turudi kukaa pamoja au tubaki hivi hivi? Na nyie wa imani nyingine kwenu ikoje, naombeni mtiririke bila kuogopa.

#2 Mama Wawili

Kaka asante kwa kusema wazi, hasa hapo mwisho, maana wengi wangesema "kamati iliamua".

Mi naomba usiwarudishe wote pamoja moja kwa moja, utamfungia yule dada mlango kwa mara ya pili. Hujui ni kitu gani kukaa na wanawake wenzio ukasema hili la mwili wangu linanitisha, hili la ndoa yangu limenishinda, na hakuna mtu anayeangalia kwanza uso wa mume wako aone kama anaruhusu. Kwetu tulianza na watu sita na miezi mitatu ya mwanzo tulikuwa tunalia tu halafu tunafunga na sala.

Ila kuna kitu hujakitaja na nadhani hukukiona kwa sababu hakikufiki wewe. Watoto Jumanne wanakaa na nani? Kwetu ilikuwa wanaume wakikutana wanakutana wenyewe, kimya, wamekaa vizuri, Biblia zimefunguliwa. Sisi tukikutana tunakutana na watoto kumi na wawili chumba kimoja, mmoja anataka chooni mwingine kamwaga maji kwenye kitabu cha nyimbo, na mtu akianza kusema jambo zito mtoto wake mwenyewe yupo pale anasikiliza. Mnasema mmegawana sawa kumbe upande mmoja umepewa saa mbili za utulivu na upande mwingine umepewa kazi ya jioni yenye maombi ndani yake. Muulize mkeo siku yake ya Jumanne wewe huwa uko wapi.

#3 Mleta mada

Dada yangu, hapo umenigusa. Jumanne huwa nipo nyumbani na watoto huwa anaenda nao. Sijawahi hata kufikiria.

#4 Benchi la Nyuma

Kijana amani iwe kwako. Mimi ni mzee kidogo, nimekulia kwenye kanisa ambalo wanawake walikuwa upande wa kushoto na wanaume kulia na hakuna aliyeona ni dhuluma. Hata Kanisa Katoliki lilikuwa na agizo hilo kwenye sheria zake za mwaka 1917, kwamba inafaa kwa kufuata desturi ya kale wanawake wakae mbali na wanaume kanisani. Sheria mpya za 1983 hazikulirudia na watu wakachanganyika bila kujiuliza walichokuwa wanalinda wazee.

Kutengana kunafundisha adabu. Paulo anamwambia Tito wanawake wazee wawafundishe wanawake vijana, hakusema wachungaji wanaume wawaite mmoja mmoja ofisini. Mangapi tumeyaona ya viongozi kuanguka na kondoo wao kwa sababu ya vikao vya faragha vilivyoanza kama ushauri? Na kwenye Wakorintho wa kwanza sura ya 14 ameandika wanawake wanyamaze katika kanisa. Kwa hiyo hilo la maamuzi kufanyika upande wa wanaume mi sioni kosa kubwa kiasi hicho, kosa ni kutotoa taarifa mapema.

#5 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa Tito na kwa vikao vya faragha nakubaliana na wewe kwa asilimia zote, na ndo maana sisi hatutaki kurudi kule kwa mwanzo.

Ila naomba unisikilize kwenye la kunyamaza. Barua hiyo hiyo, sura ya 11, Paulo anaongelea mwanamke anayesali au kuhutubu na jinsi anavyotakiwa kufunika kichwa, maana yake walikuwa wanasali na kuhutubu pale pale kusanyikoni na yeye anajua. Prisila na mumewe walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, Matendo 18. Kwenye Nehemia 8, Ezra alipoisoma torati alisoma mbele ya wanaume na wanawake na wote walioweza kufahamu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Na Kumbukumbu la Torati 31 ndo wazi zaidi, kusanya watu, wanaume na wanawake na watoto, na mgeni aliye ndani ya malango yako, wasikie.

Mi ninavyoona mzee wangu, linapokuja jambo linalomfunga kila mtu basi kila mtu anaitwa. Sisi tulifanya kinyume, tukatenga wanawake kwa ajili ya siri zao halafu bila kujijua tukawatenga na mambo ya wote.

#6 Binti wa Darsa

Assalamu alaykum wote, na wasio Waislamu salamu zenu. Mleta mada umeomba wa imani nyingine tuseme, ngoja niseme maana hili naliishi.

Watu wengi wakisikia Waislamu na kutenganisha wanadhani jambo ni moja tu. Sio. Kuna kutenganisha safu na kuna kutenganisha majengo. Wakati wa Mtume (s.a.w.) wanawake walikuwa wanaswali msikiti ule ule nyuma ya wanaume, na hapakuwa na ukuta kati. Tunajuaje hapakuwa na ukuta? Kwa Bukhari, kitabu cha hadithi, yaani masimulizi ya Mtume, kuna hadithi ya kwamba wanawake waliambiwa wasinyanyue vichwa kutoka kwenye sijda, yaani kusujudu, mpaka wanaume wakae sawasawa, kwa sababu baadhi ya wanaume shuka zao zilikuwa fupi kwa ufukara. Ungekuwepo ukuta hilo agizo lisingehitajika. Na imamu akikosea wanaume wanasema subhanallah na wanawake wanapiga kofi, maana yake sauti ya kofi la mwanamke ilitegemewa imfikie imamu na imamu aisikie arekebishe.

Sasa nikuelezeni siku moja. Msikiti niliokuwa naswali wakati ule, sitautaja, sisi tuko ghorofani, ukuta mzima, hatumuoni imamu wala maamuma wanaoswali nyuma yake, tunategemea spika moja. Swala ya ishaa, rakaa ya pili, tupo kwenye sijda, spika ikakatika. Unajua mtu akiwa kwenye sijda hajui kinachoendelea, unasubiri takbira, ile Allahu akbar ya imamu. Tukasubiri. Kuna waliobaki chini, kuna walionyanyuka wakakaa, bibi mmoja pembeni yangu akasimama akaanza kumalizia mwenyewe, wengine wakamfuata yeye wakidhani amesikia kitu. Mi nilibaki kwenye sijda naomba dua yangu huku naisikia mioyo ya watu inavyohangaika. Tulikuja kujua swala imekwisha kwa sababu tulisikia wanaume wanavaa viatu nje. Hakuna hata mmoja wa chini aliyejua kwamba safu nzima ya juu imepoteza swala. Niliporipoti nikaambiwa fundi ataitwa. Aliitwa baada ya wiki tatu, na zile wiki tatu wengi wetu tukaswali nyumbani.

Kwa hiyo mimi sipingi kutengana, napenda nafasi yetu, nikiwa kule navua wasiwasi wote. Ninachopinga ni kutenganishwa na imamu. Nafasi yetu ya faragha ni haki yangu, na kumuona na kumsikia anayenifundisha ni haki yangu pia, na moja haifuti nyingine.

Na kitu kingine mleta mada kitakusaidia. Kwa Bukhari hiyo hiyo kuna hadithi ya Abu Said al-Khudri, wanawake walimwendea Mtume wakamwambia wanaume wametushinda kwako, tuwekee siku yetu. Akawawekea siku, akawafundisha. Angalia nani aliyeomba. Wao. Hawakupangiwa siku na watu waliokaa chumba kingine.

#7 Mama Wawili

Binti wa Darsa nimesoma hiyo ya sijda mara mbili nikaacha simu chini. Pole sana mdogo wangu.

#8 Msikilizaji wa Khutba

Wa alaykum salaam dada yetu. Umesema vizuri na hadithi ulizotaja ni sahihi, naongeza tu ili wasomaji wasidhani picha ni ya upande mmoja. Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, alisema lau Mtume angeyaona waliyoyazua wanawake baadaye angewazuia misikiti kama walivyozuiwa wanawake wa Bani Israil. Nayo ipo kwa Bukhari. Kwa hiyo maulamaa waliosisitiza pazia hawakutoa kichwani mwao, waliangalia hali za watu wa zama zao na fitna iliyokuwepo. Na tukumbuke Mtume akishatoa salamu alikuwa anakaa kidogo ili wanawake watangulie kutoka, wasibanane mlangoni na wanaume. Hilo ni adabu ya kutengana hata ndani ya jengo moja.

#9 Binti wa Darsa

Ndugu yangu nashukuru kwa adabu yako. La Bibi Aisha nalijua na naliheshimu, ila yeye mwenyewe hakusema nimewazuia, na katazo la Mtume lipo wazi, msiwazuie wajakazi wa Mwenyezi Mungu na misikiti ya Mwenyezi Mungu. Mtoto wa sahaba Abdullah bin Umar alipojibu wallahi sisi tutawazuia, baba yake alimkaripia maneno makali ambayo hakuwahi kusikika akiyasema. Akamwambia, nakuambia Mtume kasema nini na wewe unasema tutawazuia!

Na hiyo ya kukaa kidogo baada ya salamu mi naipenda kuliko zote. Angalia aliyepewa kazi ya kusubiri. Wanaume ndo waliosubiri, na Mtume mwenyewe. Leo tukiambiwa adabu ya kutengana kazi yote inakuwa ya mwanamke, yeye apande ngazi, yeye apite mlango wa nyuma wenye maji taka, yeye aje na mtoto, yeye asikilize spika inayokwaruza. Wa kwanza walitengana kwa wote kujizuia, sisi tunatengana kwa upande mmoja kufichwa.

Halafu kwenye tawafu pale Makka wanaume na wanawake wanazunguka Kaaba ile ile. Kuna kiongozi alitaka kuwakataza wanawake kutufu pamoja na wanaume, Ataa, mwanazuoni wa Makka wa zama hizo, akasema atawazuiaje na wake za Mtume walitufu na wanaume? Akaeleza kwamba Bibi Aisha alikuwa anatufu kando, hachanganyikani nao. Sehemu moja, ibada moja, na mtu ana nafasi yake.

#10 Msikilizaji wa Khutba

Hapo umenipa cha kutafakari dada, la ngazi na mlango wa nyuma sikuwahi kuliangalia upande huo. Nimo kwenye kamati ya msikiti wetu, nitaenda kuswali... yaani nitapanda mwenyewe kule juu wakati hakuna watu nisikilize spika inavyosikika.

#11 Mpenda Historia

Wakuu nachomekea kidogo, mtanisamehe kama nitakuwa mrefu.

Mleta mada swali lako lina majibu ya zamani sana. Wamethodisti wa mwanzo, wakati wa John Wesley, walikuwa na aina mbili za vikundi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na kile walichoita bendi, watu wachache sana, waume peke yao na wake peke yao, na hata waliooa mbali na wasiooa, humo ndimo walikuwa wanaungamiana makosa kwa kufuata Yakobo 5:16. Halafu kulikuwa na darasa, watu kama kumi na mbili, lilianzia Bristol mwaka 1742 kama njia ya kukusanya senti za kulipia deni la jengo, na kwenye madarasa mengi walichanganyika, na wanawake wengi wakawa viongozi wake. Kwa hiyo ndani ya wiki moja mtu yule yule anakaa na wa jinsia yake kwa ajili ya mambo mazito ya nafsi, na anakaa na wote kwa ajili ya maisha ya pamoja. Hawakuulizana ipi kati ya hizo.

Waquaker, dhehebu la Kikristo lililoanzia Uingereza, nao walikwenda njia nyingine, na hii inafundisha pande zote mbili. Karne ya 17 mwanzilishi wao George Fox alihimiza wanawake wawe na mikutano yao ya shughuli, sio ya maombi tu, ya shughuli kabisa, kusaidia maskini, kuchunguza wachumba kabla ya ndoa, kuandika kumbukumbu. Wapo wanaume waliompinga vikali. Baadhi ya majengo yao yalikuwa na kizuizi cha mbao katikati kinachoshushwa wakati wa mikutano ya shughuli. Sasa ubaya wake ni kwamba kwa muda mrefu neno la mwisho kwa mambo makubwa lilibaki upande wa wanaume, na mkutano wa mwaka wa wanawake kule London ulikubaliwa rasmi mwaka 1784, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Uzuri wake ni kwamba wanawake walijifunza kuendesha kikao, kuweka hesabu, kusimama na kusema. Mwaka 1848 ulipofanyika mkutano wa haki za wanawake kule Seneca Falls Marekani, kati ya wanawake watano walioupanga wanne walikuwa wamelelewa Kiquaker. Hawakuokota ujasiri ule njiani, walikuwa wamezoea kuongoza mikutano.

Ndo maana mzee wetu wa Benchi la Nyuma akisema kutengana kunajenga mimi nakubali, kulijenga kweli. Lakini kulijenga pale ambapo upande wa wanawake ulikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu na hela yake mkononi. Kule ambako mnawapa wanawake chumba bila daftari, mnawapa mahali pa kulia tu.

Na moja ya mwisho niwaache. Wayahudi wa Orthodox mpaka leo wana kizuizi kati ya wanaume na wanawake kwenye sinagogi, kinaitwa mechitza, na wanakiegemeza kwenye Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wao wa kale, inayosimulia jinsi Hekaluni ulivyotengenezwa ubaraza wa juu kwa wanawake wakati wa sherehe ya kuteka maji, kwa sababu umati ulikuwa unachanganyika na kuleta wepesi wa tabia. Sasa mwaka 1851 mjini Albany, Marekani, kusanyiko moja la Kiyahudi chini ya rabi Isaac Mayer Wise walinunua jengo lililokuwa kanisa. Wakakuta mabenchi ya familia tayari yamefungwa humo ndani. Wakaamua kuyaacha yalivyo, na familia zikaanza kukaa pamoja. Mabadiliko makubwa vile kwenye ibada, na benchi lilichangia. Mara nyingi tunadhani tunatetea imani kumbe tunatetea jinsi chumba kilivyokuwa kimepangwa tulipoingia, na hii naisema kwa pande zote, hata wanaochanganyika.

#12 Benchi la Nyuma

Mpenda Historia, hilo la daftari na hela mkononi nimelisikia. Mimi kwetu wanawake upande wa kushoto walikuwa na mweka hazina wao, mama mmoja mkali, na wazee walikuwa wanamwendea yeye wakitaka kukarabati paa. Nilikuwa nimesahau. Labda ndo sababu hatukuona dhuluma.

#13 Kijana wa Nyimbo

Wakubwa shikamooni. Mi naomba mtukumbuke na sisi ambao hatujaoa, uzi mzima mnaongelea mume na mke.

Kwetu walitenganisha kila kitu, vijana wa kiume huku wa kike kule, semina tofauti, mafungo tofauti, hata mazoezi ya kwaya sauti za kike siku yao na za kiume siku yao, tunakutana siku ya ibada tu tumesimama mistari miwili. Halafu viongozi hao hao wanatuambia tuoe ndani ya imani. Nitamjua vipi mtu ambaye sijawahi kumsikia akifikiri? Sijawahi kumuona anavyokasirika, anavyosamehe, anavyomjibu mtoto aliyemmwagia maji. Matokeo yake tunajuana kwa kuchati usiku, kwa siri, bila mkubwa yeyote kuona, na kule kwenye simu ndo hatari walizokuwa wanazikimbia zimekaa. Mtu akiniuliza mi nasema afadhali nimjue dada mbele ya watu ishirini tukiwa tunasoma neno kuliko kwenye simu saa saba usiku.

Ila pia nikiri, kikao cha wanaume peke yetu kilichowahi kunisaidia ni kimoja. Kaka mmoja mtu mzima alisema mbele yetu kwamba aliwahi kumpiga mkewe na akaeleza alivyotubu na alivyoenda kuomba radhi kwa wazazi wa mke. Asingesema vile mbele ya wadada. Na mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya kupigana niliondoka pale nikijua inawezekana kuwa mwanaume tofauti. Kwa hiyo mleta mada, hao watano wenu wanaojadili spika, nani kati yenu ameshawahi kusema kitu cha kweli?

#14 Mleta mada

Mdogo wangu hakuna. Nimekaa na hilo swali tangu jana ndo maana nimechelewa kujibu. Wanawake walipopewa chumba waliingia na maisha yao. Sisi tulipopewa chumba tuliingia na ajenda. Nadhani tulikimbilia hesabu na spika kwa sababu kunyamaza tukiwa watano bila kazi ya mikono kulikuwa kunatutisha.

#15 Mjane wa Miaka Sita

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote. Naomba niseme la wajane maana mleta mada umesema wapo wanne kwenu.

Mume wangu alipofariki nilikuwa kwenye kikundi cha wanandoa. Hakuna aliyenifukuza. Ila wiki ya pili somo lilikuwa mume na mke waombe wakishikana mikono, na mimi nikabaki na mikono yangu. Nikahamia kikundi cha kina mama, huko nako kila hitaji ni mume wangu hivi mume wangu vile. Mahali ambapo nilipata pumziko ni ule mkutano wa wote, kwa sababu pale mtu yupo kama mtu, kuna wazee, kuna watoto wanakimbia, kuna wanaume ambao wanangu wa kiume wanaweza kuwaangalia wakaona mwanaume anasali vipi. Wanangu wamepoteza baba, mkiwafungia wanaume wote chumba cha Alhamisi wao watamuona nani?

Mnapopanga kutenganisha hesabuni kwanza nani atabaki katikati hana upande. Huwa yupo.

#16 Mama Wawili

Mama yangu nakuamkia, shikamoo. Mleta mada hii ya mama usiipite.

#17 Mleta mada

Marahabaa kwa walioniamkia na shikamoo mama yetu, sijaipita.

Wakuu narudi na mrejesho kwa sababu wengine mmenifuata inbox. Jana tulikutana wote, tuliita kikao cha wote na nilianza mimi kwa kuomba radhi mbele ya watu kwa lile la mfuko wa wagonjwa, nikasema nilinyoosha mkono na sikuuliza. Ukumbi ulikuwa kimya. Mke wangu aliniambia baadaye kuna akina mama walikuja wakiwa wamejiandaa kuondoka kikundini kabisa.

Tulichokubaliana ni hiki. Jumanne ya wanawake inabaki, wao wenyewe walisema inabaki na hakuna mwanaume aliyepewa nafasi ya kupiga kura kwenye hilo. Wanaume siku ya Jumanne ndo zamu ya watoto, watoto wote wanakuja kwangu na kwa mwenzangu mmoja kwa kupokezana, kuanzia wiki ijayo. Alhamisi ya wanaume inabaki lakini hairuhusiwi kuamua kitu, hata kama ni tarehe, na daftari la hesabu halikai tena humo. Lolote la hela, la mafundisho, la kuchagua mtu, linaenda kwenye mkutano wa wote ambao sasa utakuwa mara mbili kwa mwezi badala ya moja. Mweka hazina sasa ni wawili, mwanamke na mwanaume, na hela haitoki bila sahihi zote mbili. Vijana wamehamishiwa mkutano wa wote moja kwa moja, wanasoma pamoja. Na wajane tuliwauliza wao wanataka wapi, wawili wakasema Jumanne, mmoja akasema wa wote tu, mmoja akasema bado hajui, tukamwambia aje popote.

Mzee mmoja wa kwetu hakufurahi, alisema tumeiga dunia. Nilimjibu kwa Kumbukumbu la Torati 31 na hakuniitikia, ila alibaki mpaka mwisho na aliombea kikundi. Namheshimu kwa hilo na nitaenda kumuona nyumbani kwake.

Spika tumeirudisha dukani, wametukata kidogo, kilichobaki kimerudi kwenye mfuko na kile kilichokatwa wanaume watano tunakilipa.

#18 Binti wa Darsa

Alhamdulillah. Kaka hiyo Alhamisi yenu sasa mtaongea nini?

#19 Mleta mada

Wiki hii naanza mimi. Nitawaambia wenzangu kwamba kipindi mama yangu anaumwa nilikuwa nasema "afya ya mzazi" kila Alhamisi, na kwamba sikuwa naomba kabisa, nilikuwa na hasira na Mungu karibu mwaka mzima na nilikuwa naongoza kikundi. Sijui nani atakaa na nani ataondoka.